Daftari la misaada washike wanawake

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniumiza kila tetemeko au mafuriko yanapoikumba nchi iliyo vitani au iliyotoka vitani. Wanawake ndio wanaojaa kwenye foleni ya misaada, lakini daftari la majina huwa mikononi mwa wanaume.

Tetemeko la Herat, Afghanistan, lilitokea mchana wa Jumamosi, 7 Oktoba 2023. Wanaume wengi walikuwa nje kwenye shughuli zao; nyumba za udongo ziliwaangukia waliokuwa ndani. UNICEF ilisema zaidi ya asilimia 90 ya waliokufa ni wanawake na watoto. Na tangu Desemba 2022 watawala wa Taliban walikuwa wameshawapiga marufuku wanawake kufanya kazi katika mashirika yasiyo ya kiserikali. Sasa mama aliyefukuliwa kwenye kifusi, ambaye ni vigumu kwake kusema na mwanamume asiye ndugu yake, amwambie nani kwamba anavuja damu?

Vita huwachukua wanaume: wako mstari wa mbele, wamekufa, au wamejificha wasikamatwe. Anayebaki mtaani ndiye anayejua nyumba ipi ina mzee asiyeweza kutembea na nani ana mimba ya miezi minane. Ujuzi huo waokoaji wageni hawana, wala hauonekani kwenye ramani zao. Mei 2023, mafuriko ya Kalehe, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo (DRC), yaliua zaidi ya watu 400 katika mkoa uliokwisha kuchoshwa na vita. Mahali kama hapo, mwenye habari za kila kaya ndiye wa kusikilizwa kwanza.

Chukua choo cha kambini. Kimejengwa mbali, hakina taa, mlango ni turubai lisilo na komeo. Msichana anajizuia usiku kucha kwa hofu ya kubakwa. Laiti kungekuwa na mwanamke mwenye sauti kwenye kikao cha siku ya kwanza, komeo lingeagizwa pamoja na mabati.

Maandishi yapo. Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake washirikishwe katika maamuzi ya amani na usalama, lilipitishwa Oktoba 2000. Lakini vikundi vya akina mama bado huitwa kikaoni bajeti ikiwa imeshapita, wapigwe picha.

Ninachoomba kwa serikali na wafadhili: vikundi hivyo vipewe fedha moja kwa moja, kabla maafa hayajafika, na orodha ya wanaopewa misaada isipitishwe bila sahihi yao.

Msomaji wako