Barua kwa rafiki anayeunda lugha

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako ilinifikia salama, na nilifurahi mno kusikia kwamba umeanza kuunda lugha yako mwenyewe. Umeniuliza uanze na programu ipi, na kama ni vyema uiachie kompyuta ikubunie lugha nzima kwa mkupuo mmoja. Nimeshughulika na zana hizi kwa miaka kadhaa, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Nianze na Vulgar, programu inayobuni lugha yenyewe, kwa kuwa ndiyo uliyoitaja. Ni kweli kwamba inaweza kukutolea sarufi pamoja na kamusi kwa muda mfupi sana, na mtu anayehitaji majina ya miji na ya watu kwa ajili ya hadithi yake itamfaa bila shaka. Lakini wewe umeniandikia kwamba unataka lugha utakayoweza kuiandikia shajara, na kwa lengo hilo sikushauri kabisa. Maneno usiyoyateua mwenyewe hayakai kichwani, na sarufi usiyoihangaikia utakuwa ukiifungua kila siku kama mgeni.

Unachohitaji mapema ni mahali pa kuyahifadhi maneno. Mimi nilianza na lahajedwali, na nilipofikisha maneno mia sita hivi nikafanya kosa ambalo sitaki likukute: niliipanga safu ya maneno kialfabeti bila kuiunganisha na safu ya maana, nikahifadhi faili, nikaifunga. Kesho yake neno nililolitenga kwa ajili ya mvua lilikuwa kando ya shoka, na sikuwa na nakala ya akiba. Ilinichukua wiki mbili kuyarudisha mahali pake kwa kufuata sentensi nilizokuwa nimeziandika daftarini, na yapo ambayo hayajarudi mpaka leo. Tangu hapo natumia PolyGlot, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Humo kila neno huwekwa pamoja na maana, aina na matamshi yake, na ukishaiandikia kanuni za mnyambuliko, yenyewe itakuzalishia maumbo yote ya kitenzi. Kanuni hizo huandikwa kwa alama maalumu za kutafuta na kubadilisha herufi, ambazo mwanzoni huchosha macho, zivumilie, zitazoeleka.

Kabla ya kubuni neno hata moja, orodhesha sauti zako kwa alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, ambayo huipa kila sauti alama yake, maana ukiandika r tupu, baada ya miezi mitatu hutakumbuka kama ulikusudia ile ya ncha ya ulimi au ile ya kooni. Wakati wa kuchagua sauti hizo, fungua WALS, atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 2005, ambayo sasa husomwa bure mtandaoni. Katika sura yake ya konsonanti utakuta lugha yenye konsonanti 6 tu na nyingine yenye 122, ilhali wastani ni ishirini na kitu. Si lazima ufuate walio wengi. Mwanaisimu Marc Okrand, alipounda Kiklingoni, lugha ya viumbe wa sayari nyingine katika filamu za Star Trek, aliteua kwa makusudi mpangilio wa kutanguliza yambwa, kisha kitenzi, kisha kiima, kwa kuwa ni nadra sana duniani na yeye alitaka lugha iliyo ngeni. Nawe ukitaka lugha yako iwe ngeni, iwe ni kwa kujua.

Kwa kubuni mizizi ya maneno, Gen, programu ya Mark Rosenfelder, mwandishi wa vitabu vya kuunda lugha, inatosha: unaipa makundi ya sauti na maumbo ya silabi, nayo inakutolea orodha. Usiichukue yote. Isome kwa sauti, ubaki na maneno yanayokaa vizuri mdomoni.

Sasa nifike kwenye zana ninayoithamini kuliko zote, nayo ni kibadilisha sauti. Kazi yake ni kuyachukua maneno ya lugha ya kale uliyoibuni na kuyapitisha katika kanuni za mabadiliko, moja baada ya nyingine, hadi yatoke yakiwa maneno ya lugha changa. SCA2, ambayo pia ni ya Rosenfelder, ndiyo rahisi kuanzia, ingawa Lexurgy ina uwezo mkubwa zaidi, hata wa kushughulikia silabi na toni.

Nikupe mfano kutoka katika lugha yangu. Hapo kale mto uliitwa laka, na mito laki. Nikaandika kanuni mbili. Ya kwanza ni k/c/_i, yaani k igeuke c (ambayo kwangu ni sauti ya ch) inapofuatwa na i. Ya pili ni V//_#, yaani irabu iliyo mwisho wa neno idondoke. Matokeo yake laka ikawa lak, na laki ikapitia laci hadi kuwa lac, kwa hiyo leo umoja na wingi hutofautishwa na konsonanti ya mwisho peke yake. Kisha nikazipindua kanuni zile zile, ya pili ikatangulia: irabu ikadondoka kwanza, i haikuwepo tena ya kuigeuza k, na yote mawili yakawa lak. Nilikaa mbele ya kompyuta usiku ule nikizipindua na kuzirudisha, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba mpangilio wa kanuni ndio historia yenyewe ya lugha.

Kiswahili chetu nacho kina alama za mabadiliko ya sauti. Tunasema ulimi na ndimi, tunasema mti mrefu lakini nyumba ndefu, na anayejifunza hudhani ni vurugu, kumbe ni kanuni moja: l na r zikitanguliwa na n hugeuka d. Lugha ya kubuni isiyo na mikunjo kama hiyo husomeka kama jedwali, hata maneno yake yawe mazuri namna gani.

Kuhusu mwandiko wako mpya, yaani herufi zako za kubuni, programu ya FontForge itakutengenezea fonti bila malipo, na Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, imetenga nafasi 6,400, kuanzia U+E000 hadi U+F8FF, kwa alama za matumizi ya binafsi. Utakayemtumia maandishi atahitaji kuwa na fonti hiyo hiyo, vinginevyo ataona visanduku vitupu. Lakini ziandike herufi hizo kwa kalamu kwanza, kurasa nyingi, mpaka mkono uzilainishe. Mwandiko uliochorwa moja kwa moja kwenye kompyuta hujulikana mara moja.

Nitumie orodha ya sauti zako, maneno kumi ya kale na kanuni tatu unazozifikiria, kwa mpangilio unaoutaka. Nitazipitisha kwenye SCA2 na kukurudishia matokeo pamoja na mpangilio mwingine mmoja, ili uamue ni upi ulio wako.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.