Bata wa Ziwa Nakuru, Jumamosi hii

Habari za jioni wanakikundi. Safari ipo, ila saa imebadilika: tukutane lango la Lanet saa 12:30 asubuhi, si saa 2. Jua likishapanda, mng'ao wa maji unafuta rangi zote.

1. Nauli ya matatu ni sh. 400. Mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi usiku. Kiingilio cha hifadhi kila mtu ajilipie mapema kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali.

2. Darubini za kikundi ni tatu tu. Mwenye yake aje nayo.

3. Kazi ya siku ni kutambua bata kwa mabawa. Bata akiogelea anaficha mambo. Akiruka, tazama manyoya ya nyuma ya bawa, upande wa karibu na mwili. Mwenye mdomo mwekundu ana kiraka cha rangi ya malai. Wa mdomo wa njano ana kijani au buluu iliyozungukwa na weupe. Yule mdogo wa mdomo wa buluu ana kijani chenye ukingo mweupe kwa nyuma, na ndiye atakayetusumbua. Bata bukini wa Misri ni rahisi mno: sehemu ya mbele ya bawa lake ni nyeupe pe!

Unyoya ukiuona chini, piga picha uuache papo hapo. Ile ni hifadhi.

Tafadhali jibu NAKUJA au SIPO kabla ya kulala leo. Alama za dole gumba sizihesabu.