Barua kutoka Lisbon kwa Mwalimu wa Ujiji

Mwalimu,

Shikamoo ya utani kaka, maana najua umri tunalingana ila we ndo unapenda heshima. Za hapo Ujiji, shemeji hajambo, watoto wote wazima? Ulinambia hutaki picha za wasap tu, unataka barua ya maneno, haya kaa vizuri, mwanangu Neema, binti yako, kaenda chuo kaniachia tableti yake na chai kwenye chupa, kwaiyo leo ntaandika mpaka kidole kiume.

Mji wenyewe kwanza. Lisbon ni mji mkuu wa Ureno, ukiwa juu unaona maji mapana sana unadhani tayari ni bahari, kumbe ni mto Tejo unamalizikia hapo kabla haujamwaga Atlantiki. Vilima sasa! Wenyewe wanahesabu 7, magoti yangu yanabisha. Wewe unayelalamika kupanda kutoka stesheni Kigoma mpaka Mwanga, huku ungelala njiani. Vichochoro vina ngazi juu ya ngazi, njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vimepangwa maua na mawimbi, vinapendeza ila vikilowa ni utelezi mtupu, alaf kuta za nyumba kwa nje wamebandika vigae vya rangi, wengi bluu na nyeupe. Na jua la Juni halina adabu, saa tatu kasoro usiku bado linawaka, nikawa nasubiri chakula cha jioni mpaka nachoka.

Sa tuje kwenye fani yangu, reli. Miaka yote ya karakana sijawahi kuona kitu kama tramu namba 28. Vibehewa vya njano, vifupi, kimoja kimoja, ndani mbao na mikanda ya kushikia, vya zamani za miaka ya 1930 hivi ila vimefanyiwa matengenezo. Vinapanda mlima bila meno katikati ya reli Mwalimu, chuma juu ya chuma tu, ikiteleza wanamwaga mchanga. Reli yao milimita 900, yani nyembamba hata kuliko ile yetu ya Mjerumani iliyofika Kigoma 1914 ambayo ni mita moja. Kona zingine ukitoa mkono dirishani unagusa ukuta wa mtu. Mi nikasimama nyuma ya dereva nikawa namwangalia anavyocheza na breki, watalii wote wanapiga picha za nyumba mi napiga picha ya breki, Neema akaona aibu. Ila ukipanda shika waleti yako mkononi, vibaka wa humo ni wataalamu na wanavaa vizuri kukuzidi.

Kuna na zile behewa mbili za mlimani zinazovutana kwa waya, moja ikishuka nyingine inapanda. Ya Glória ilipata ajali Septemba 2025, waya uliachia pale ulipofungwa kwenye behewa, watu 16 wakafa. Nilipita pale nikasimama kidogo, mtu aliyefanya kazi ya reli hawezi kupita tu. Baada ya hapo tukaenda kuona lifti ya chuma ya Santa Justa, ya 1902, mita 45, inakutoa mjini chini mpaka juu mtaa wa Carmo. Foleni yake ndefu mno, tukapanda kwa miguu.

Na hapo Carmo ndo pa kukaa. Kuna kanisa kubwa la watawa halina paa, nguzo na matao yamebaki yanatazama mbingu, liliporomoka kwenye tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, wakaanza kulijenga upya hawakumaliza, baadae wakaamua kuliacha hivohivo. Ilikua Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatikisika, waliokimbilia mtoni wakakutwa na tsunami, alaf moto ukaunguza mji siku kadhaa. Walikufa makumi ya maelfu. Sisi wa bonde la ufa tunajua ardhi ikicheza inavyokua, vikombe vinagongana kabatini na mbuzi wanalia, ila ile ilikua habari nyingine. Waziri wao Pombal ndo akajenga upya mji wa chini, mitaa imenyooka kama rula, na ndani ya kuta wakaweka fremu za mbao zilizopishana msalaba ili nyumba ikitikiswa isianguke. Wanasimulia kwamba walijenga mfano kwanza, wakaleta wanajeshi wapige kwata kuuzunguka waone kama utasimama. Fundi yeyote ataipenda hiyo. Mtaa wa zamani wa Alfama wenyewe ulinusurika sehemu kubwa, ndo maana vichochoro vyake bado vimejikunja vile walivyoviacha Waarabu. Ngome yao iko juu yake, Wareno waliichukua 1147, mandhari nzuri, kiingilio kikubwa, tuendelee.

Palepale jirani, kwenye kambi ya askari ya Carmo, ndo mkuu wa serikali Caetano alijisalimisha tarehe 25 Aprili 1974, wanajeshi waliompindua wameweka maua ya mikarafuu ile ya bustani kwenye midomo ya bunduki. Tukamkuta mzee mmoja wa Msumbiji, wa Cabo Delgado, amekuja kwa mwanae. Kusikia tunaongea akageuka, 'nyie wa wapi?' Kiswahili safi! Kumbe ujana wake alipita Nachingwea enzi za FRELIMO, wale wapigania uhuru wa Msumbiji. Akasema yeye siku ile habari aliisikilizia redioni porini, na Juni 25 mwaka uliofuata akawa na nchi. Tulikaa naye kwenye benchi mpaka Neema akaenda kununua aiskrimu akarudi akaenda tena.

Lakini Mwalimu, hii yote naiandika ili nifike kwenye jambo moja, na hili ni lako.

Tulienda Belém, kule alikoondokea Vasco da Gama Julai 8, 1497. Kuna mnara wa mawe majini mzuri sana, kuna monasteri ya Jerónimos, mawe yake yamechongwa kamba na matumbawe utadhani ni mbao. Unajua hela ilitoka wapi? Ushuru wa asilimia 5 wa viungo na mali za Afrika na Asia. Gama mwenyewe kaburi lake limo mlangoni. Jirani kuna sanamu ya meli ya mita 50 na kitu waliyoijenga 1960, imejaa mashujaa wao 33, nikazunguka pande zote mbili namtafuta yule rubani aliyepewa Malindi 1498 ndo akamvusha mpaka India. Hayumo. Nikamwambia Neema meli gani hii haina nahodha.

Kesho yake tukaenda makumbusho yao ya taifa ya sanaa za kale, iko mtaa wa Janelas Verdes. Kwenye chumba kimoja kuna monstransi ya dhahabu, kile chombo cha kanisani cha kuonyeshea Ekaristi, mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, wamepakwa rangi za kioo, juu imepanda minara midogo midogo mpaka macho yanachoka kufuata. Mfalme Manuel ndo aliagiza, fundi wa dhahabu anaitwa Gil Vicente. Neema akainama akasoma maandishi ya kitako, akaniita. Pameandikwa imefanywa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, ikamalizika 1506.

Kilwa yetu hii! Gama alirudi 1502 na manowari, akamtisha mtawala wa Kilwa akatoa dhahabu, na mwaka 1505, mwaka mmoja kabla monstransi haijamalizika, kamanda wao mwingine Almeida akaja akaupora mji wenyewe. Na dhahabu hiyo ilikua inatoka bara, kule Zimbabwe, ikipitia bandari ya Sofala. Nimesoma Kilwa darasani, nimejibu mtihani wa Kilwa, nikabaki na magofu tu kichwani, kumbe mali yenyewe ipo, inang'aa, ina taa yake na kioo chake na mlinzi anayekwambia usisogee. Nilikasirika na nikaiona nzuri kwa wakati mmoja, sijui kukueleza vingine. Waliokua chumbani wanaipita wanaenda kutafuta picha maarufu, mi nikakaa mpaka mlinzi akaanza kunisalimia. Nimekupigia picha ya maandishi yale karibu, ntakuletea imechapishwa kubwa uibandike darasani, na wanafunzi wakifika mada ya Kilwa uwaambie kuna kipande kinaonekana.

Chakula: Juni ni msimu wa dagaa wao wakubwa, sadini, wanachomwa mkaa mtaani juu ya mkate, usiku wa Mtakatifu Antonio mji mzima moshi. Watamu, nakubali, ila migebuka wetu wa ziwani pale Kibirizi hawafikii. Na wana samaki mkavu wa chumvi wanamwita bacalhau wanamwabudu, alaf wanamnunua Norway, watu wenye bahari mlangoni! Kuna vikeki vya krimu ya maziwa na mayai vinauzwa Belém tangu 1837, hivyo sina la kusema, nilikula mpaka Neema akanikumbusha sukari yangu.

Msalimie shemeji, mwambie binti anaomba dagaa wakavu, wasio na mchanga, achague mwenyewe asimtume mtoto. Kuna kijana wa Kasulu anakuja huku Agosti, ntakupa namba yake umpe. Na yale mawese ya Mwandiga weka kwenye chupa mbili, funga na nailoni, mizigo ya ndege haina huruma.

Ni mimi,
Baba Neema