Usiseme uko sawa

Likoni, Mombasa

Mpenzi Mama Salma,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema matatu yenu iligongwa na lori kwa nyuma pale Mariakani, hakuna aliyetoka damu, mkapanda nyingine, ukafika nyumbani ukapika. Kisha mwishoni, kama jambo dogo tu, unasema tangu juzi ukiitwa na mtoto kwa nyuma unageuka mwili mzima. Hapo nikakaa kitako.

Hiyo naijua. Nilipogongwa Kibarani nilisimama barabarani nikimwambia kila mtu niko sawa, alhamdulillahi. Kulipokucha sikuweza kuinua kichwa kwenye mto. Nilikishika kisogoni kwa mikono miwili, nikakiinua kama mzigo wa mtu mwingine.

Daktari alinieleza kwamba gari likigongwa kwa nyuma, kiti huusukuma mgongo mbele, kichwa kikabaki nyuma, kisha kikarushwa mbele. Misuli na kano za shingo huvutika kupita kiasi, na maumivu huweza kuchelewa hata siku mbili. Kichwa huuma kuanzia kisogoni, mabega huwa mazito, kizunguzungu kikaja, vidole vikafa ganzi. Eksirei yangu ilitoka safi, nikadhani najidekeza. Kumbe eksirei huonyesha mifupa. Misuli iliyovutika haionekani humo.

Basi kesho nenda hospitali. Ukiona mikono au miguu inakosa nguvu, ganzi inazidi, au mkojo haujizuii, usingoje kesho. Wala usijifunge shingo ukalala wiki nzima. Mimi niliambiwa niigeuze polepole kila siku, na ndivyo ilivyolainika, ingawa ilinichukua miezi minne.

Ukitoka huko, nenda polisi. Hakikisha jina lako limo kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, maana ulishuka ukaondoka. Omba abstrakti, ile karatasi ya polisi ya muhtasari wa ajali, humo mna namba ya lori na bima yake. Chukua na fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, daktari aijaze. Risiti zote, hata ya Panadol, tia kwenye bahasha moja.

Sasa nikwambie ambalo sijawahi kukwambia. Siku ya sita baada ya ajali yangu alikuja nyumbani mtu wa bima, mpole, ameshika karatasi na shilingi elfu kumi. Nikatia saini. Karatasi ilisema nimelipwa yote na sitadai tena. Ile miezi minne sikuweza kuinua ndoo, cherehani ikalala, na kila dawa nikainunua kwa pesa yangu. Akija kwako, mkaribishe chai, saini usimpe.

Na wale madalali wanaozunguka hospitalini wakiahidi mamilioni, wapite. Tafuta wakili mwenyewe, muulize mapema atachukua kiasi gani. Sheria inakupa miaka 3 ya kufungua kesi, lakini usiikalie. Dereva huhama, abiria wenzako ukawasahau. Una namba ya hata mmoja wao? Mpigie leo.

Jumamosi nitavuka na feri ya asubuhi, nije Mazeras nikuchotee maji na kufua. Mpaka nifike, mtoto usimbebe mgongoni.

Wako,
Mama Omari