Mheshimiwa Waziri, hadithi fupi za Said Ahmed Mohamed ziingie madarasani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, Zanzibar.

Assalaam alaykum.

Sisi ni walimu wa fasihi na wahariri wa vitabu, Unguja na Pemba. Tunaomba hadithi fupi za Profesa Said Ahmed Mohamed zisomeshwe katika skuli zetu.

Amezaliwa Unguja mwaka 1947, akaanza na ualimu wa skuli, akapata uzamivu Leipzig, akasomesha Osaka na baadaye Bayreuth. Wengi wanamjua kwa riwaya: Asali Chungu (1977), Utengano (1980), Babu Alipofufuka (2001). Hadithi zake fupi, tangu Si Shetani si Wazimu (1985) hadi Arusi ya Buldoza (2005), hazitajwi hata nusu ya hivyo. Mwaka 2007 yeye na Ken Walibora, mwandishi wa Kenya, walihariri Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, na Kenya ikakitahini kitabu hicho sekondari. Kijana wa Kisumu akasoma mkusanyiko uliopita mikononi mwa Mzanzibari, na wa Wete, Pemba, akamaliza skuli bila kuugusa. Hili linatuuma, Mheshimiwa.

Tena hadithi fupi ndiyo inayoyafaa madarasa yetu. Riwaya ya kurasa 200, nakala tano kwa wanafunzi hamsini, haimaliziki. Watoto wanakimbilia notisi, wanakariri dhamira na wahusika wa kitabu wasichokifungua. Hadithi ya maneno 3,000, ikisomwa kwa sauti maneno 120 kwa dakika, inakwisha kwa dakika 25. Kipindi cha dakika 40 kinabakisha robo saa ya maswali, na kila mtoto ameisikia mwanzo hadi mwisho.

Tafadhali, jambo hili lisianze kwa fotokopi. Ipo Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, na aliyeandika ana haki ya kulipwa. Aulizwe mchapishaji wa kila toleo, na mwandishi au mwakilishi wake, maana katika mkusanyiko wa waandishi wengi haki ya hadithi moja inaweza kuwa kwa mtu na haki ya kitabu kizima kwa mwengine. Mkataba wa toleo la skuli utaje idadi ya nakala na muda wake kwa miaka, na useme mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala inayouzwa, unapigwa juu ya nini. Kitabu cha shilingi 10,000, mchapishaji akiliuzia duka kwa punguzo la asilimia 40, mrabaha wa asilimia 10 juu ya bei ya jalada ni shilingi 1,000. Juu ya mapato ya mchapishaji ni 600. Mwandishi asiyeuliza hupewa hiyo ya pili. Kiwepo pia kifungu cha kumrejeshea haki zake kitabu kikikosekana madukani mwaka mzima bila kupigwa chapa tena. Bila ya kifungu hicho hadithi zinalala kabatini, na mwenyewe hawezi kuzipeleka kwengine.

Kama mswada wa kompyuta haupo, itabidi kuskani toleo la mwanzo, na hapo ndipo vitabu vinapoharibika. Gamu ya zamani inayoshika kurasa imekauka. Kitabu kisilazwe wazi kabisa juu ya kioo, mgongo utakatika na kurasa zitatoka. Kiegemezwe nusu wazi, kipigwe picha kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi. Programu ya kugeuza picha kuwa maandishi itaisoma "m" kama "rn", na herufi "l" kama tarakimu 1. Makosa hayo yanaonekana upesi. La hatari ni kile kikoma cha juu: kikidondoka, "ng'oa" inakuwa "ngoa", neno jengine kabisa, na hakuna kompyuta itakayolikamata. Kirekebisha tahajia nacho kizimwe. Mhusika wa Ng'ambo, mjini Unguja, akisema "n'takuja", kitamwandikia "nitakuja", na sauti yake ishapotea.

Kwa hiyo prufu, yaani nakala ya kusahihishia kabla ya kupiga chapa, isomwe na watu wawili: mmoja ashike toleo la mwanzo asome kwa sauti, mpaka nukta na vikoma avitaje, mwengine afuate kwenye prufu. Mara mbili, na siku ya pili wabadilishane. Mmoja wao awe amekulia lugha ya hapa.

Uchapaji ni mwepesi zaidi. Kurasa hukunjwa kumi na sita kumi na sita, basi kitabu kipangiwe kurasa 128, yaani mafungu manane ya kumi na sita, ambazo kwa maneno 280 hivi kila ukurasa zinabeba hadithi kumi za urefu tuliousema, na nafasi ya maelezo mafupi ya mwalimu.

Tunaiomba Wizara iwaandikie wachapishaji kabla ya bajeti ijayo kufungwa, na nakala ziwekwe pia maktaba ya Maisara na ya Chake Chake. Kazi ya kusoma prufu tutaifanya wenyewe bila malipo, Unguja na Pemba, ikiwa Wizara itatupatia chumba na matoleo ya mwanzo.

Wako katika kazi,
Walimu wa fasihi na wahariri, Unguja na Pemba