Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Fedha za Umma kwa Vijana Wanaotoka Makao ya Watoto na Mitaani, Mwaka wa Fedha 2024/25

Ndugu wanachama,

Mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni. Orodha ya mikutano na barua zilizoandikwa iko kwa katibu, na hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Mimi nitatumia nafasi yangu kwa jambo moja: kwa nini maombi ya fedha kwa vijana hawa hukataliwa na watu ambao kwa maneno wanayaunga mkono, na nini kifanyike kabla ya tarehe 1 Septemba.

Mwaka ulianza vibaya kwa kila mtu. Muswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi, uliondolewa mwezi Juni mwaka huo, bajeti ya ziada ikafuata kupunguza matumizi, na mgao wa kaunti ukashushwa kutoka Sh400.1 bilioni hadi Sh387.4 bilioni. Makato yanapokuja, huanza na shughuli ambayo haina mkandarasi anayedai. Barabara iliyokwisha kusainiwa ina mtu wa kwenda mahakamani. Posho ya kijana aliyetoka makao haina mtu kama huyo, kwa hiyo inakatwa bila kelele.

Pengo la miaka 18

Ibara ya 53 ya Katiba inampa mtoto haki ya lishe, makazi na afya. Ibara ya 260 inamtaja kijana kuwa mtu aliyefikisha miaka 18 lakini hajafika 35. Ukisoma Katiba pekee huoni pengo. Lifuatilie kwenye makadirio ya bajeti utaliona mara moja: upande wa watoto unafunga faili siku ya kuzaliwa, na upande wa vijana unampokea kama mwombaji mwingine wa mkopo. Hazina ya Hustler, ya mikopo midogo ya serikali, inataka kitambulisho na laini ya simu, na mwisho wa yote ni deni. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, kwa mayatima na watoto walio hatarini, Sh2,000 kwa mwezi, hulipwa kwa kaya. Anayelala makao au kibarazani mwa duka hana kaya ya kusajiliwa.

Sera zipo. Mwongozo wa malezi mbadala wa 2014 unataja maisha ya kujitegemea chini ya uangalizi kuwa aina mojawapo ya malezi. Usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa Novemba 2017. Sheria ya Watoto ya 2022 imetia nguvu malezi ya kambo na kafala (malezi ya mtoto kwa taratibu za Kiislamu), na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022–2032 unataka watoto warudi kwenye familia na jamii. Hazina ya Kurekebisha Familia za Mitaani ipo tangu 2003. Kwa hiyo atakayekuambia tuanze kwa kudai sera mpya, mwulize anataka kuchelewesha nini.

Kalenda ndiyo inayotushinda

Wengi wetu huenda kwenye kikao cha ushiriki wa umma mwezi Mei au Juni, makadirio yakiwa tayari mbele ya bunge la kaunti. Ukumbi unajaa, wawakilishi wadi wanatikisa kichwa, na hakuna kinachobadilika. Sababu si roho mbaya. Kanuni ya 37 ya Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma kwa serikali za kaunti, za 2015, inazuia bunge la kaunti kuongeza au kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya ukomo wake, yaani kiwango cha juu kilichowekewa fungu hilo. Kufikia Mei, mwakilishi wadi anayekuahidi milioni kumi anakuahidi kitu ambacho hana.

Fedha huamuliwa mapema zaidi. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla ya mwaka unaopangiwa kuanza. Waraka wa Mkakati wa Fedha, unaoweka ukomo wa kila idara, hufika kufikia tarehe 28 Februari, na bunge lina siku 14 tu kuujadili. Makadirio yenyewe yanafuata kufikia tarehe 30 Aprili. Jambo lisilotajwa kwenye mpango wa Septemba lina kazi ngumu Februari, na lisilo na nafasi ndani ya ukomo wa Februari halina la kuomba Aprili. Kuna pia Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, chini ya kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, ambalo lazima liwe na wawakilishi wasio wa serikali. Tawi lisilojua ni nani anayekaa kwenye viti hivyo liulize wiki hii.

Waraka tunaopeleka uwe ukurasa mmoja. Utaje programu na programu ndogo kwa jina lililo kwenye kitabu cha bajeti, nambari ya ukurasa, kiasi kinachoombwa, idadi ya vijana, na, hapa ndipo wengi huona aibu, fungu ambalo fedha zitatoka. Ukomo ukishawekwa, kuomba nyongeza bila kutaja mahali pa kupunguza ni kumwachia mchumi wa kaunti akuchagulie, naye atachagua kutochagua. Safari, ukarimu na machapisho ni mafungu ya kuanzia.

Omba kwa mwenye jukumu

Mzozo wa basari wa mwaka huu umetufundisha hili waziwazi. Mwezi Januari Mdhibiti wa Bajeti aliziandikia kaunti kwamba basari za shule za sekondari na vyuo ni jukumu la serikali ya kitaifa, na kwamba hazitatolewa bila makubaliano kati ya serikali hizo mbili. Suala likaishia mahakamani, na katikati yake wakawa wanafunzi wanaosubiri karo.

Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya kutunza watoto, na mipango ya maendeleo ikiwemo makazi. Maana yake ni kwamba karo ya kijana kwenye chuo cha ufundi cha kaunti, pamoja na kodi ya chumba chake, vinaweza kuombwa kwa kaunti bila mtu kuleta swali la mamlaka. Karo ya chuo kikuu iombwe kwa serikali ya kitaifa. Matawi yaliyochanganya hayo mawili kwenye waraka mmoja yalimpa afisa sababu rahisi ya kuurudisha wote.

Gharama ya kijana mmoja

Neno “kuwasaidia vijana” halina bei, na kisicho na bei hakiingii kwenye kitabu. Jedwali la chama linahesabu kijana mmoja kwa miezi 24. Mwanzoni kuna amana ya nyumba na kodi ya mwezi wa kwanza, godoro, blanketi mbili, jiko, sufuria mbili, ndoo mbili zenye kifuniko, sahani na vikombe. Kodi inalipwa yote kwa miezi 12, nusu kwa miezi 6, robo kwa miezi 6 ya mwisho. Kuna posho ya chakula na nauli, karo ya ufundi pamoja na vifaa (cherehani au zana za useremala zisisahauliwe, maana cheti bila zana hakilishi mtu), na mshahara wa afisa wa ustawi wa jamii mmoja kwa vijana wasiozidi 20. Bei kila tawi lijaze kwa soko la kwake.

Bima ya afya ndiyo rahisi zaidi kuhesabu, na mnaisahau. Kwa asiye na ajira rasmi mchango wa chini kabisa kwa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya umma) ni Sh300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, yaani Sh3,600. Vijana 40 ni Sh144,000. Hiki ni kiasi ambacho waziri wa kaunti anaweza kukikubali kikaoni bila kupiga simu, na kikishakubaliwa kinafungua mstari kwenye bajeti ambao mwaka unaofuata unaweza kunenepeshwa. Sheria inaruhusu pia serikali kuwalipia wasiojiweza. Ombeni hilo kwanza, na mchango wa kaunti uwe wa pili.

Kodi ilipwe kwa mwenye nyumba, robo mwaka mapema. Fedha za kaunti huchelewa kutoka Hazina Kuu, hasa kati ya Julai na Septemba, na mwenye nyumba hasubiri Hazina. Kijana anayefungiwa mlango mwezi wa nne harudi makao, anarudi mtaani, na amana imepotea. Kwa sababu hiyo hiyo msipange kundi la kwanza kuanza Julai. Anzeni Oktoba au Novemba, baada ya fedha za robo ya kwanza kuonekana kwenye akaunti, si kwenye barua.

Jengo

Kila mwaka jibu la ombi letu linakuwa jengo: kituo cha kuokoa watoto, kituo cha kurekebisha tabia, bweni. Sababu iko kwenye sheria, ambayo inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Tofali ni maendeleo. Posho, kodi na mshahara wa afisa ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo kila mtu ameagizwa ayapunguze. Tena jengo lina utepe wa kukatwa.

Msimamo wa chama uwe mmoja: hatuungi mkono bweni jipya. Bweni linalojengwa bila mishahara, chakula na maji kwenye bajeti ya mwaka wa pili huishia kuwa ghala, na likipata fedha linawavuta watoto kutoka familia maskini ambazo zingeweza kuwalea kwa sehemu ndogo ya gharama hiyo. Afisa akikwambia fedha za maendeleo ndizo pekee zilizopo, pendekeza vitu vinavyokubalika humo na vinavyotusaidia: karakana ya chuo cha ufundi, vifaa vyake, au ukarabati wa nyumba za kaunti zilizo tupu zipangishwe kwa vijana watatu watatu.

Idadi

Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, 15,337 wakiwa Nairobi na 7,529 Mombasa. Takwimu hizi ni za miaka saba iliyopita. Zitumieni kuonyesha ukubwa wa jambo, lakini msiombe fedha za 2026/27 kwa hesabu ya 2018.

Hesabu ya kaunti ifanywe usiku mmoja, timu zote kwa wakati mmoja, kuanzia saa tano usiku watu wakishatulia kwenye maskani zao. Ukihesabu mchana utamhesabu muuza karanga anayerudi kwao jioni, na ukihesabu siku mbili utamhesabu mtu mmoja mara mbili, kwa sababu wanahamahama kufuata chakula na kukimbia askari wa kaunti. Swali liwe “Ulilala wapi jana?” Ukiuliza “Unaishi wapi?” utatajiwa kijiji alichotoka. Msichukue picha wala majina kamili. Na nasema hili kwa msisitizo: tusimpeleke kijana kikaoni asimulie majeraha yake ili wawakilishi wadi waguswe. Apelekwe kusema kilichokwama, kama anataka mwenyewe.

Karatasi

Bila kitambulisho hakuna SHA, hakuna laini ya simu, hakuna mkataba wa nyumba. Kazi hii ianze kijana akiwa na miaka 16, akiwa bado makao. Kinachotakiwa ni cheti cha kuzaliwa, au usajili wa kuchelewa kama hakusajiliwa ndani ya miezi sita ya kuzaliwa. Nakala ya amri ya mahakama iliyomweka makao. Barua ya afisa wa watoto. Na chifu anayekubali kumtambua. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina: amri ya mahakama inasema moja, cheti cha shule kingine, na daftari la makao la tatu. Linganisheni herufi kwa herufi kabla ya kwenda dirishani. Pasipo cheti chochote, hospitali ya serikali inaweza kufanya tathmini ya umri. Ombeni ripoti yenye muhuri na nakala ibaki kwenye faili. Makao yanayofungwa yakabidhi mafaili kwa ofisi ya watoto kwa orodha iliyosainiwa, maana faili likipotea kijana anaanza maisha upya bila ushahidi kwamba amewahi kuwepo.

Baada ya bajeti kupitishwa

Fedha zilizopitishwa si fedha zilizotumika. Kaunti hutakiwa kutoa ripoti kila robo mwaka, na Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ya kwake. Tazameni safu ya kiwango cha matumizi kwenye programu yetu. Ikifika nusu mwaka na mstari wetu haujaguswa, utakatwa kwenye bajeti ya ziada, na hoja itakuwa kwamba hatukuuhitaji. Andikeni mapema kuomba maelezo chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu. Barua ya namna hiyo mwezi Novemba ina nguvu kuliko maandamano ya Machi.

Kazi ya matawi

Mpango wa Maendeleo wa 2026/27 unaandikwa sasa. Kila tawi limtumie katibu, kabla ya tarehe 31 Julai, jedwali la gharama lililojazwa bei za eneo lake, idadi ya vijana watakaofikisha miaka 18 kufikia Juni 2027 kwa kila makao, na jina la afisa anayeandaa mpango huo kwenye idara ya huduma za jamii. Kamati kuu itarudisha waraka wa ukurasa mmoja kwa kila kaunti kufikia tarehe 10 Agosti, ili upelekwe kwa mkono na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Matawi ya kaunti jirani yanaweza kutumia jedwali moja la vifaa, lakini kodi ya nyumba kila mmoja ahesabu yake.