Shoga, kimashine chako hakijafa

Shoga yangu,

Salama lakini? Mama hajambo? Voisinoti yako nimeisikiza jana baada ya isha, nikairudia tena, na roho imeniuma uliposema kile kimashine chako cha kusikizia vitabu vya sauti umekifunga kwa leso ukakieka kabatini ati kimekufa. Kitoe shoga, usikizike kabla hujakipima!

Nijibu hili tu: ukikiwasha, chenyewe chasema? Ile sauti yake ya kutaja betri na vifungo waisikia? Manake kikiwa chasema lakini kitabu ndo kimya, basi spika haina kosa, taabu iko kwa kadi ya memori yenye vitabu ama mafaili yake. Kikiwa kimya kabisa hapo angalia chaji, volyumu, na tundu la hedifoni.

Changu kilininyamazia Ramadhani, katikati ya kitabu, fundi mmoja hapa mjini akasema spika imeungua nilipe 2,500. Nikakataa. Nafika nyumbani nachomeka hedifoni, nasikia kitabu chasoma waziwazi! Kumbe ni lile tundu, wajua sisi na huu upepo wa bahari na jasho, vyuma vya ndani vimeshika kutu basi kimashine chadhani hedifoni bado imo, spika hakiifungui. Nikakizima, nikazungusha pamba kidogo sana kwenye kijiti cha meno, nikaitia spiriti iwe nyevu tu isidondoke, nikaizungusha mle ndani polepole (sindano usitie kabisa, utavunja). Pamba ya kwanza kijana wangu akanambia imetoka kijani kama senti kumi za zamani. Ya tatu ikatoka safi. Nikachomeka na kuchomoa hedifoni mara kama kumi hivi, nikakiacha kikauke mpaka alasiri, kuwasha tu kikasema. Wallahi nililia.

Sasa kama chako chasema, muulize aliyekukopia vitabu. Mpwa wangu alinikopia kitabu cha DAISY (ule mpangilio wa vitabu vya sauti vya sisi tusioona) akachukua mafaili ya sauti ya mp3 peke yake, zile faili ndogondogo akaona takataka. Na hizo ndo kitabu chenyewe! Ile ncc.html ndo yaambia mashine sura zaanza wapi, na zile za smil ndo zafunga sauti na mahali pake, ukiziacha wabaki na vipande vya sauti tu, kuruka sura kwa sura huwezi. Folda nzima iende vile ilivyo, na kadi asiichomoe kabla kompyuta haijamaliza. Zikiwa ni mp3 za kawaida basi azipe namba 01, 02, 03, manake mashine nyengine husoma 1 kisha 10 ndo warudi 2, ukadhani kitabu kimeharibika na hakina neno.

Kabla ya yote lakini tia kadi nyengine, yenye kitabu ulichokuwa wakisikiza vizuri zamani. Kikisoma, wajua mbovu ni ile kadi.

Nakujua wewe bila kitabu usiku hulali, na miezi miwili ni mingi shoga. Jumamosi napanda matatu ya asubuhi ya Kilifi, nitabeba kadi yangu, pamba na spiriti. Kitie chaji usiku kucha Ijumaa, na kwa fundi usikipeleke mpaka nifike.

Shoga yako wa Majengo